Siku sita Nairobi: nilienda kuokota hadithi za kazi za watu, nikamtafuta na Mzee wa Vitabu

Nimerudi Voi wiki mbili sasa na ndo nimepata nafasi ya kukaa chini na daftari, picha za simu na zile sauti nilizorekodi. Safari yenyewe niliifanya likizo ya Aprili 2025.

Kwanza niseme ilianzaje. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nafunza Gredi ya 9. Hawa watoto ndo wa kwanza kabisa kwenye mtaala mpya kuchagua njia watakayofuata sekondari ya juu: STEM (yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), sayansi ya jamii, ama sanaa na michezo. Wana miaka kumi na nne, kumi na tano, na wanaogopa. Siku moja msichana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, wewe ulijuaje utakuwa mwalimu?" Nikawapa hadithi ambayo huwa nawapa kila mwaka. Nilikulia Majengo, Pumwani. Nikatoka shule darasa la pili kwa sababu ada ilishinda, nikawa nafuatana na mama jioni kuuza njugu karanga Tom Mboya Street, karibu na kituo cha zima moto. Jirani yetu pale alikuwa mzee muuza vitabu vya inama, vile vya mtumba vinavyopangwa chini juu ya gunia hadi uiname ndo uone jina. Nilikuwa nampa njugu ananiacha nasoma. Januari 2003 serikali mpya ya Kibaki ikatangaza shule ya msingi ni bure, mzee akamwambia mama mpeleke huyu mtoto shule, mama akanipeleka. Nilikuwa na miaka 10.

Darasa likanyamaza, halafu yule msichana akasema tuletee na za watu wengine. Basi nikaamua kwenda.

Jumatatu, Aprili 7. Voi hadi Nairobi

Basi nauli 1,200, kuondoka saa mbili asubuhi, likaondoka saa tatu na nusu. Mtito Andei sawa, Kibwezi sawa, tukikaribia Makindu injini ikaanza kuchemka na dereva akaegesha kando. Fundi aliitwa kutoka huko mbele, tukaambiwa tutangoja saa moja tu, tukangoja saa nne kasoro. Mvua inanyunya, kuna mama ana mtoto mchanga, kuna wazee wawili wanaenda kliniki.

Sasa hapo ndo abiria mmoja, kijana wa kuendesha malori ambaye siku hiyo alikuwa abiria tu, akatuambia twendeni kwa Makalasinga tukale. Mimi nimepita Makindu maisha yangu yote na sijawahi kuingia lile hekalu lao lililoanzishwa na Masingasinga waliokuwa wakifanya kazi ya reli. Unavua viatu, unafunika kichwa, kuna vitambaa mlangoni kama huna, unanawa, unakaa. Chapati, dengu, mboga, chai ya maziwa. Hakuna anayekuuliza wewe ni nani wala dini gani, na hakuna bei. Yule mama mwenye mtoto alipakuliwa mara mbili bila kuomba. Mwenye uwezo anaacha kitu kwenye sanduku, niliacha mia mbili.

Na yule kijana wa malori ndo akawa hadithi yangu ya kwanza. Alisema alipokuwa mdogo Mariakani alikuwa anahesabu malori yanayopita na babake, mchezo tu, wa kwanza kuona la rangi nyekundu anashinda. Babake alikuwa kipofu wa jicho moja kwa hivyo mtoto alikuwa anashinda kila siku. Akasema, "Nilipokuwa mkubwa ndo nikajua aliacha nishinde, kwa sababu jicho zima lilikuwa upande wa barabara." Nimeliandika hilo vile vile alivyosema.

Nairobi tuliingia saa tatu usiku na jamu ya Mlolongo ilitula saa nzima. Tulishushwa Machakos Airport, yaani ile stendi ya Country Bus, sio ndege. Kulikuwa na giza na matope, na mama mmoja wa kuuza mayai ya kuchemsha akafunga biashara yake akanisindikiza hadi Majengo, eti njia yake ni hiyo hiyo. Haikuwa hiyo hiyo, nilimwona akirudi alikotoka.

Kwa anayesafiri: ukiweza usiingie Nairobi usiku na mzigo. Chukua basi la asubuhi kabisa ama treni, na usipange kitu cha maana siku ya kwanza.

Jumanne, Aprili 8. Kamukunji

Nililala kwa jirani yetu wa zamani Majengo, mkunga mstaafu aliyemjua mama. Sikulipa lojingi, nilinunua sukari, unga, mafuta na majani chai, shilingi 870 jumla. Asubuhi akaniwekea mahamri na mbaazi. Nikamwomba hadithi yake, ameshika watoto wangapi kwa mikono yake, akaniangalia akasema, "Mwanangu, nyingine nitakuhadithia wewe, lakini si za kupeleka kwa watoto." Nikazima simu. Aliyonihadithia siandiki.

Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, ukitaka kurekodi sauti utateseka. Nyundo elfu moja zinapiga mabati kwa wakati mmoja, masufuria, majiko, wilbaro, masanduku ya shule. Niliuliza watu watatu swali langu, "Ulijuaje unataka kazi hii?" na wote watatu wakanijibu kitu kimoja, ni shida tu mwalimu. Nikaona swali ni baya. Mtu akiulizwa alijuaje anaona unamtaka awe alijua, na wengi hawakujua.

Kwa hivyo kwa fundi wa nne nikabadilisha. Nikamuuliza, "Siku yako ya kwanza hapa ulikula nini?" Akaacha nyundo. Akacheka, akaita mwenzake, akasema nilikula miwa! Na hadithi yote ikatoka.

Alikuja Nairobi akiwa na sanduku. Lilikuwa sanduku lake la kidato cha kwanza, mjomba wake alimnunulia hapo hapo Kamukunji, la buluu lenye kufuli mbili, halafu karo haikupatikana. Sanduku likakaa nyumbani tupu, likawekwa mahindi. Mwaka uliofuata akalibeba kichwani akarudi nalo Kamukunji kuliuza, apate nauli ya kwenda kutafuta kibarua. Fundi aliyelitengeneza akalitambua kwa vile alivyokunja kona. Akakataa kulinunua. Akamwambia kaa hapo unishikie hii bati nikate, na ilipofika jioni akampa nusu ya muwa wake na shilingi ishirini. Hiyo ni miaka 19 iliyopita. Sasa kila Januari yeye ndo anawatengenezea watoto wa sekondari masanduku, na akaniambia jambo ambalo sikulitarajia, kwamba mzazi akija anabembeleza bei mpaka machozi yanamlenga, yeye haulizi karo imepatikana ama bado, kwa sababu hataki kujua.

Lile sanduku la buluu analo bado. Anaweka nyundo ndani. Nililipiga picha.

Kwa yeyote anayetaka kukusanya hadithi za watu: uliza chakula cha siku ya kwanza. Na omba ruhusa kabla ya kuwasha rekoda, si baada. Na nunua kitu. Mimi nilinunua jiko dogo la makaa 450, na lilinisumbua kulibeba siku zote zilizobaki lakini sijuti.

Jioni nilivuka hadi Eastleigh nikala wali wa Kisomali na nyama ya mbuzi, 350, na ile ndizi mbivu wanakuwekea pembeni. Napenda ndizi kwenye wali tangu nikiwa mdogo, hata Voi wenzangu hunishangaa, na sijui nilianzia wapi.

Jumatano, Aprili 9

Mvua kutwa nzima, maji yalijaa mpaka mlangoni, hatukutoka.

Alhamisi, Aprili 10. Kati ya jiji

Leo ndo nilienda kumtafuta Mzee wa Vitabu. Hakuwepo, na hata pale pake hapapo, kuna mtu anauza vifuniko vya simu. Pale mama alipokuwa akiweka jiko la njugu kuna mashine za M-Pesa na mwavuli. Nilisimama hapo kama dakika kumi nikipigwa mabega na watu.

Nikazunguka Moi Avenue nikiulizia kwa wauza vitabu wengine. Nikiwa kwenye sanamu ya Tom Mboya nikapumzika, na kuna kijana wa kupiga picha, wale wa kuprinti hapo hapo, akaniuliza kama najua huyu ni nani. Nikamwambia najua, akasema basi niambie mimi, watu huniuliza nakosa la kusema. Basi nikajikuta nafunza barabarani. Kwamba Mboya kabla ya siasa alisomea ukaguzi wa afya akaajiriwa na baraza la jiji hapa hapa Nairobi, na kuna siku alikuwa peke yake ofisini, mwanamke mzungu akaingia na chupa ya maziwa ya kupimwa, akaangalia huku na huku, akamwona, halafu akauliza kama hakuna mtu. Mboya akamuuliza kama macho yake yana shida. Mwenyewe alilisimulia tukio hilo baadaye. Na mwaka 1959 akapanga ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani, na Julai 5, 1969 akapigwa risasi hatua chache kutoka hapo tulipokuwa tumekaa, akiwa na miaka 38.

Na kwenye mpango huo huo wa ndege, mwaka 1960, akaenda msichana wa Nyeri, Wangari Maathai, akasomea biolojia Kansas, akarudi, na 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Nobel ya amani. Lakini hiyo ndege isingemkuta popote kama kaka yake mkubwa hangeuliza swali moja nyumbani, kwa nini Wangari haendi shule kama sisi. Swali la mtoto. Nikamwambia yule kijana hiyo ndo hadithi ninayoitafuta, mtu mmoja kuuliza swali moja. Akanipiga picha bure, nikamlazimisha mia.

Hayo niliyasema Alhamisi. Nayaacha hivyo hivyo ili muone nilivyokuwa naelewa.

Kuelekea saa kumi muuza vitabu mmoja karibu na Latema Road akasema anamjua mzee wangu. Aliacha kazi miaka kama sita iliyopita, miguu, sukari imemsumbua. Yuko Kayole kwa binti yake. Akampigia, akaongea Kikuyu kidogo, akaniambia nenda kesho mchana, peleka maziwa usipeleke soda.

Ijumaa, Aprili 11. Kayole

Matatu 80 asubuhi, kurudi jioni na mvua ikawa 150. Jogoo Road ilikuwa imekwama kabisa, kutoka mjini hadi Donholm dakika 70. Niliposhuka barabara ya ndani ilikuwa tope tupu na boda wakakataa kuingia. Kijana mdogo wa kama miaka 12 mwenye gambuti akanibebea mfuko wa maziwa na unga akanipeleka mlango hadi mlango mpaka tukaipata nyumba, akakataa pesa, akakubali mandazi.

Mzee amekonda. Sauti ni ile ile. Nikasalimia, nikajieleza, mimi ni yule mtoto wa njugu niliyekuwa nasoma vitabu vyako. Akanitazama sana. Akasema, "Watoto walikuwa wengi, mwalimu. Walikuwa wanakaa hapo kama kuku." Hakunikumbuka hata kidogo.

Sitaficha, niliumia. Nilikuwa nimejiandalia machozi ya kukumbatiana. Binti yake akaleta chai, nikaona niulize tu swali langu ili nisikae kimya, siku yako ya kwanza kuuza vitabu ulikula nini. Akasema hakula. Alikuwa akifanya kazi kwa wachapishaji fulani, miaka ya 90 wakapunguza watu, na haki yake wakamlipa nusu pesa nusu vitabu vilivyochapwa vibaya, kurasa zimepinduka, nyingine zimerudiwa. Gunia tatu. Akavipanga chini siku hiyo hiyo kwa hasira. Yaani ndo maana! Mimi nilikuwa nasoma hadithi ukurasa wa 30 unarudi 17, na nilikuwa najimalizia mwenyewe kichwani katikati kulikokatika, nikidhani vitabu vyote viko hivyo.

Nikamwambia mama yangu alikuwa mrefu, anafunga leso mbili, anauza kwenye karai yenye mpini mmoja. Mzee akaweka kikombe chini.

"Mama Karai! Wewe ni wa Mama Karai?"

Mzee alimkumbuka mama mpaka viatu. Akasema mama ndo alimfuata yeye, jioni moja mvua ikinyesha, akamwambia, huyu mtoto anasoma kweli ama anatazama picha tu? Mimi sijui kusoma, nipimie. Mzee akanipa kitabu nisome kwa sauti, nikasoma, mama amesimama nyuma yangu. Hilo silikumbuka kabisa. Nikamuuliza, si wewe ndo ulimwambia anipeleke shule? Akasema, "Mimi? Mimi nilimwambia angoje. Shule ni bure lakini sare si bure, viatu si bure, na wewe ulikuwa mkono wake wa kuuza. Nilimwambia msimu huu uishe kwanza."

Mama hakungoja. Aliuza ile nafasi yake ya barabarani, pamoja na jiko na karai, kwa mwanamke mwingine. Shilingi 1,800. Aliyewaandikia mapatano ni mzee, kwa karatasi na kalamu yake, na akaweka sahihi kama shahidi, mama akaweka kidole. Pesa hiyo ndo sare, viatu, na dawati tuliloambiwa kila mzazi achangie.

Mimi nilikuwa najua mama aliacha njugu mwaka ule akaanza kufua nguo za watu Eastleigh. Nilidhani biashara ilikufa. Nimewahi hata kumwambia, nikiwa chuo, kwa kiburi cha chuo, kwamba hakujua kusimamia biashara. Hakunijibu kitu.

Nilirekodi dakika 48 kwa mzee. Nilipoondoka akaniomba kitu kimoja, nikipata kitabu chochote cha maandishi makubwa nimtumie, macho sasa. Nimetuma viwili.

Kwenye matatu nikarudia kumfikiria Wangari. Nimesimulia lile swali la kaka yake mara ngapi, na kila mara nilikuwa napita haraka pale mama yao alipojibu. Kaka aliuliza, sawa. Lakini mama ndo alikubali, na mama ndo aliyekuwa anapoteza mikono ya kazi shambani na nyumbani. Watoto wangu wa Gredi ya 9 itabidi niwarudie hiyo.

Jumamosi, Aprili 12. Kurudi

Nilirudi na treni. Tiketi ilikatwa kwa simu, *639#, mapema, kwa sababu wikendi ya likizo inajaa, na lazima kitambulisho. Fika stesheni ya Syokimau saa nzima na zaidi kabla, kuna ukaguzi wa mizigo mara kadhaa na mbwa wa kunusa, foleni ndefu. Jiko langu la makaa lilifunguliwa likakaguliwa mpaka majivu ambayo hayapo. Chakula beba chako. Baada ya Athi River nililala hadi Mtito.

Mama nilimkuta uani anachambua kunde. Sikusalimia vizuri hata. Nikamuuliza, "Mama, ile nafasi yako ya Tom Mboya uliuza pesa ngapi?"

Mikono ikasimama. "Nani amekwambia?"

"Mzee wa Vitabu."

"Yuko hai? Alhamdulillahi." Akaendelea kuchambua. "Elfu moja mia nane. Yule mama alitaka kunipa elfu moja na mia mbili, nikamwambia hapo pana kivuli mchana kutwa."

Nikamuuliza mbona hakuniambia miaka yote hii, nikaomba na msamaha kwa yale maneno ya chuo. Akasema, "Wewe ulikuwa unapenda hadithi yako ya mzee. Ilikuwa nzuri." Na akasema kama nataka kumsaidia nikae nichambue, kunde ni nyingi.

Nikakaa. Baada ya muda nikawasha simu nikaiweka juu ya sinia, nikaomba ruhusa, akakubali. Nikamuuliza siku yako ya kwanza kufua Eastleigh ulikula nini. Alifikiria.

"Wali. Yule mama Msomali alinipakulia wali kwenye sahani ya wageni, na ndizi mbivu pembeni. Nilishangaa, nikajua ni makosa, ndizi ya nini kwa wali. Nikaonja. Nikala nusu, nusu nikafunga kwenye karatasi nikaja nayo. Ilikuwa siku yako ya kwanza shule pia. Ulikula ukalala na sare."